Kuonja Si Kunywa

Sifa zote njema zimrudie Mwenyezi Mungu, anayetupa afya kabla hatujajua kuiomba, aliyenijalia kuvaa sare nyeupe miaka mingi na kuivua nikiwa bado naweza kufungua vifungo mwenyewe. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na wote waliotufundisha kheri, hata wale waliotufundisha huku wametukasirikia.

Wauguzi vijana wa kituo chetu, siku ya kuniaga mliniomba niandike mambo ya kazini. Mmoja wenu akaongeza, "Mzee Athumani, tuandikie, lakini isiwe hotuba." Nimekusikia, mwanangu. Vyeo nitaviacha, maana vilikuja vichache na havikumponya mgonjwa yeyote. Mshahara nao ni habari fupi. Jina la kituo sitalitaja pia, kwa sababu kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu, na sipendi libandikwe kwenye ukuta wake. Inatosha kusema kiko katika bonde la Kilombero, kati ya reli na mto, mahali ambapo masika barabara huachiwa kambale.

Nitaandika habari za pombe. Mtauliza, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Ifakara, ambaye hajawahi kuitia mdomoni, ataandika nini juu ya pombe? Hiyo hasa ndiyo sababu. Anayeinywa hudhani anaijua. Mimi ilinibidi niulize, na nilichelewa kuuliza vizuri.

Siku ya kwanza kazini nilipokelewa na Mama Benadeta, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume. Alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, Mkatoliki wa kweli, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti. Wagonjwa waliokuwa wamejificha na sigara walimwona akiwa tayari ameshafika kitandani. Alinitazama kuanzia kofia hadi ndara.

"Jina lako nani?"

"Athumani, Mama."

"Na shikamoo umeiacha Ifakara?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sasa niambie, shehe, umekuja kuwaponya hawa au kuwasilimisha?"

"Kuwaponya, Mama."

"Haya. Ukishindwa la kwanza, usijaribu la pili."

Tangu siku hiyo aliniita shehe mpaka alipostaafu, nami sikuwa shehe hata siku moja. Alinifundisha kuhesabu mapigo kwa saa yenye mshale wa sekunde, si kwa kukisia. Alinifundisha kunusa kidonda kabla ya kukifungua, na kupasha moto kichwa cha stetoskopu kwa kiganja, maana kifua cha mgonjwa hakikumkosea mtu hata kiguswe na chuma cha baridi. Alinifundisha pia kwamba kalamu ni kifaa kama sindano: ikichoma pasipostahili, inaumiza. Hilo la mwisho nilidhani ni msemo wa kupamba tu.

Ndani ya miaka michache niliamini nimeshaielewa pombe ya bonde hili. Nilijua kwamba mkulima wa mpunga hunywa kwa kalenda. Watu wakialikana kulima shamba la mwenzao, shukrani yake ni pombe. Baada ya mavuno pombe hufuata magunia. Miezi ya njaa wengi huacha, kisha hujisifu kwamba wameacha. Wavuvi wa kambini walipenda gongo, wakisema inaondoa baridi ya maji, na walisema hivyo hata mwezi wa jua kali. Vijana walikuwa na viroba vya pombe kali; vilipokuja kupigwa marufuku baadaye, walihamia kwenye vichupa. Wanawake nao walikunywa, ila jikoni, na kwa kuwa hakuna aliyewauliza, kwenye mafaili yetu wote walikuwa watakatifu.

Katika karatasi ya kumpokea mgonjwa palikuwa na swali: Anakunywa pombe? Mbele yake nafasi ndogo, ya kutosha neno moja. Mimi nilikuwa na kanuni yangu ambayo sikuipata kwenye kitabu chochote. Mlevi ni mtu anayenuka, anayeyumba, na anayekana. Asiye na hayo matatu nilimwandikia "Hanywi" na kuendelea na swali la chanjo.

Basi asubuhi moja ya masika aliletwa Mzee Venansi kwenye baiskeli, akisukumwa na mdogo wake, Longino. Mzee Venansi alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi, mtu wa makamo, mrefu, mwenye mabega ya kazi na maneno machache. Tezo lilimteleza likampasua muundi wa mguu, naye akalifunga jeraha kwa kitambaa siku tano, mpaka mguu ukavimba kama mgomba. Tabibu wetu aliagiza alazwe, achomwe sindano za kukausha usaha na kidonda kisafishwe kila siku. Kisha akaondoka kwenda Ifakara kwenye semina. Mama Benadeta alikuwa likizo kwao. Wodi ilibaki mikononi mwangu.

Nilikaa na karatasi pembeni ya kitanda. Mzee alikuwa safi, amenyoa ndevu, hanuki kitu ila mbao mbichi. Mkewe, Bibi Skola, alikuwa amesimama na kanga ya kujifunika na kikapu cha chakula.

"Mzee wangu, unavuta sigara?"

"Hapana."

"Unakunywa pombe?"

"Sinywi, daktari. Naonja tu."

Nilitabasamu. Nilidhani ni unyenyekevu, kama mtu anayesema ana kijishamba wakati analima ekari kumi. Nikamtazama mkewe. Bibi Skola akasema, "Mume wangu kilabuni hawamjui hata sura." Nikaandika "Hanywi." Mwandiko wangu wakati huo ulikuwa mzuri sana.

Siku ya pili mikono ya Mzee Venansi ilianza kutetemeka. Uji ulimwagika kifuani. Alilowa jasho, mapigo yakaenda mbio, akawa hawezi kulala wala kutulia. Nikachukua damu kwenye slaidi. Haikuonyesha mdudu. Lakini bondeni kwetu miaka ile malaria ilikuwa jibu hata kabla ya swali, na slaidi ikikana tuliilaumu slaidi. Nikamwanzishia dawa ya malaria. Nilimwombea pia, na sijutii hilo.

Siku ya tatu, adhuhuri, nilimkuta amekaa kitandani akichonga hewa. Ngumi yake ilishika tezo lisilokuwepo, na alichonga kwa utaratibu, akipuliza maganda.

"Mzee, unafanya nini?"

"Toa hao kambale kwenye chandarua," akasema. "Watanitobolea mtumbwi."

Wagonjwa wawili walicheka. Kisha macho yake yakageuka, mwili ukakakamaa, akaanza kutupwatupwa kitandani kama mtoto mwenye degedege. Kicheko kikakatika. Nilimlaza ubavu, nikamchoma sindano ya kutuliza, na baada ya muda ambao sikuutazama kwenye saa, mwili ulilegea. Alikuwa hai. Hakunijua.

Longino alikuwa mlangoni na aliona yote. Hakupiga kelele. Alitoka nje, akarudi na miti miwili na shuka, akaanza kufunga machela.

"Kaka yangu amerushiwa kitu," akasema. "Sindano zenu haziendi huko. Tunavuka naye kwa mganga."

Mto ulikuwa umejaa. Kufika kwa mganga huyo ilikuwa mwendo wa saa nyingi kwa miguu na mtumbwi. Nilijua kama degedege lingemrudia katikati ya maji, wangevusha maiti. Nilijua pia kwamba sikuwa na jina la ugonjwa la kumpa Longino ili aweke machela chini. Nilimwambia ni malaria imepanda kichwani. Akaniuliza, "Slaidi ilisema hivyo?" Sikuweza kudanganya. Bibi Skola alikuwa tayari anakunja kanga za mumewe.

Hapo ndipo Mama Benadeta alipoingia. Alikuwa ameshuka kwenye treni asubuhi hiyo, na alikuja na mkoba wa safari begani, bila sare. Alimtazama mgonjwa, akamshika mkono, akautazama ulivyotikisika. Akachukua faili, akasoma. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona nyoka na hataki watoto wakimbie:

"Longino mwanangu, nipe muda wa kunywa chai. Ukitaka kuondoka baada ya hapo, nitashika ncha moja ya machela."

Longino akasimama. Mama akanigeukia.

"Umeandika hanywi. Alisema 'sinywi'?"

"Alisema sinywi, Mama."

"Akaishia hapo?"

"Akasema anaonja tu."

Mama Benadeta akakaa kwenye kitanda cha jirani, juu ya miguu ya mgonjwa aliyelala hapo.

"Anaonja! Shehe, Mungu akusamehe, maana mimi bado. Skola, mumeo ndiye mwonjaji?"

"Ndiye," akasema Bibi Skola, na nilisikia fahari kidogo katika sauti yake, hata katika hali ile. "Tangu mzee aliyekuwepo alipofariki."

Sasa nieleze, maana mimi mwenyewe ilibidi nielezwe pale pale, mbele ya wagonjwa. Katika kitongoji chao mama akipika pombe, iwe komoni au kangara, haiuzi mpaka mwonjaji apite. Ni mtu anayeaminika, asiyelewa hovyo, asiyependelea. Akisema imeiva, wateja wanakaa. Akisema bado, hakuna anayekaa. Ni heshima, na hupewa mtu mmoja.

"Wapika pombe wako wangapi?" Mama Benadeta akauliza.

Bibi Skola akahesabu kwa vidole. "Mama Prisila, na mke wa Kosmas, na wale dada wawili wa kisimani, na wengine. Wanapokezana. Kwa siku nyumba nne. Sikukuu sita."

"Kila nyumba anaonja kiasi gani?"

"Kata moja ya jana iliyobaki. Na kata moja ya leo, ili alinganishe."

"Mbili."

"Na moja ya heshima, ya kuondokea."

"Tatu. Kwa nyumba nne. Anaanza saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla ya kwenda kuchonga. Hata na mguu huu alipita akichechemea. Hajawahi kuyumba, Mama. Hata siku moja."

"Tangu lini?"

"Otmari wetu alikuwa bado ananyonya."

"Otmari huyu aliyeoa?"

"Huyo huyo."

Mgonjwa mmoja wa henia akasema kutoka kona, "Loo! Mimi nimeitwa mlevi miaka yote kwa kata mbili za Jumamosi!" Mama Benadeta akamwamuru ageukie ukutani.

Ugonjwa sasa ulikuwa na jina. Mwili wa Mzee Venansi ulikuwa umezoea pombe kila siku kwa miaka mingi kama mtumbwi unavyozoea maji, na mimi nilikuwa nimeukausha ghafla, siku tatu, bila kujua. Ukitoa mtumbwi majini na kuuweka juani, unapasuka. Huo si uchawi wala malaria. Mtu wa namna hiyo akiacha ghafla bila dawa anaweza kufa, na yule anayekunywa kimya kimya ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu hakuna anayemtilia shaka.

Mama alimpigia simu tabibu akiwa amepanda juu ya kisiki nyuma ya jiko, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Alirudi na maelekezo ameyaandika kwenye kiganja: dawa ya kutuliza kwa vipimo na saa zake, sindano ya vitamini kwanza ndipo dripu ya sukari, mahali pa kimya, na sauti moja anayoijua ya kumsemesha. Lakini Longino alikuwa bado ameshika miti yake.

Nilimwendea. Sijawahi kutembea hatua nne zilizo ndefu kama zile.

"Kaka Longino, kosa ni langu. Nimeandika neno ambalo kaka yako hakulisema."

"Kwa hiyo daktari hajui kusikia?"

"Nimejua leo."

"Na akifa ukiwa umejua?"

Nilijibu, "Akifa, nitakuja msibani kwenu nisimame mbele ya watu niseme nilichoandika. Akivuka mto huu leo, hamtanihitaji kusema chochote, maana hamtafika naye."

Longino akalaza machela sakafuni pembeni ya kitanda cha kaka yake, akakaa juu yake. "Basi nakaa hapa hapa," akasema. "Haifunguliwi mpaka nione." Akakaa siku mbili kamili. Tulikuwa tunaruka miguu yake tukipita na dawa.

Nilichukua faili. Ninyi vijana mmeshasikia kwangu mara nyingi: neno lililokosewa halifutwi wala halichafuliwi kwa wino, hupigwa mstari mmoja ili lisomeke, kisha huandikwa lililo sahihi na jina lako. Nilipiga mstari juu ya "Hanywi". Nikaandika: "Anasema: sinywi, naonja tu. Ni mwonjaji. Huonja kata kumi na mbili kila siku." Nikatia sahihi. Mama Benadeta akasoma juu ya bega langu.

"Sasa umeandika alichosema," akasema. "Mwanzo uliandika ulichokuwa nacho kichwani."

Siku ya pili ya dawa Mzee Venansi alifumbua macho, akatazama chandarua.

"Wale kambale wamekwenda wapi?"

"Wameshaliwa," akasema Bibi Skola. "Hukubakiziwa." Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu aje. Longino aliinuka, akafungua machela fundo moja moja, akaturudishia shuka. Kumbe ilikuwa yetu.

Mzee alipopata nguvu, nilimwomba msamaha. Hakunielewa.

"Kwani daktari ulikosea nini? Uliniuliza kama nakunywa. Anayekunywa anakaa. Mimi huonja nimesimama. Tangu nimeanza sijawahi kukaa."

Wala hakuwa anatania. Kwake yeye tofauti ya mlevi na asiye mlevi ilikuwa ni kigoda.

Jioni nilikuwa napanga chupa za dawa na Mama Benadeta, nikamwambia jambo ambalo tulisoma utotoni chuoni, kwamba katazo la ulevi kwetu sisi halikushuka kwa siku moja. Lilikuja kwa hatua: kwanza watu wakaonyeshwa kwamba madhara yake ni makubwa kuliko faida, kisha wakakatazwa kuisogelea sala wakiwa wamelewa, mwisho ndipo wakaambiwa waiepuke kabisa. Nilikuwa nimelisoma kwa miaka na kulifanyia mtihani, wala sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake mna huruma kwa miili ya watu.

Mama akasema, "Kumbe Mungu wenu naye amefanya kazi wodini."

"Ni huyo huyo wako, Mama."

"Najua. Panga chupa."

Mzee Venansi alitoka mguu ukiwa umefunga na mwili umetulia. Nilimweleza wazi kwamba asionje tena, hata tone, maana mwili ule ungerudi kule kule. Alikubali. Nami nikaamini kukubali kwake, kwa sababu nilikuwa bado kijana.

Siku ya tisa alirudi peke yake, kwa miguu, akasimama mlangoni amevua kofia.

"Nimeonja," akasema.

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniheshimu kama alivyoniheshimu kwa neno lile. Tukamlaza. Nilimuuliza kilichotokea. Akasema Mama Prisila alimletea kata mbele ya watu, watu wamenyamaza wanamsubiri, na yeye hakuwa na neno. "Ningewaambia nini, daktari? Kwamba mwonjaji anaogopa? Niliishika siku ya kwanza. Zilizofuata zilijishika zenyewe."

Mimi nilitaka aache kabisa kukanyaga nyumba za wapika pombe, na hadi leo kwa wagonjwa wengi nasema hivyo. Mama Benadeta alipinga. "Ukimnyang'anya kata, atabaki mzee aliyefukuzwa kazi," akasema. "Ataenda kilabuni, na huko atakaa. Mtafutie kitu kingine cha kushika."

Nilirudi kitandani kwake na karatasi, nikafanya kile nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Niliuliza na kunyamaza.

"Mzee wangu, unajuaje kama imeiva?"

Alifikiri sana. "Kwanza unaikaribia. Kabla ya kufunua unaisikia. Ikiwa changa inalia. Ikiiva inanong'ona. Ikipitiliza haina habari na mtu."

"Na ulimi?"

"Ulimi ni wa watu. Wasipokuona umemeza hawaamini." Kisha akanitazama, na nadhani sote wawili tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Alipotoka mara ya pili niliomba ruhusa nikaenda naye. Mama Benadeta alisema ndugu zangu wa msikitini wakiniona uani kwa Mama Prisila asubuhi, ataniandikia barua ya utetezi. Tulifika jua limeanza kukolea. Uani palikuwa na pipa lililofunikwa gunia, na watu wanane au tisa wamekaa kwenye vigoda, kila mmoja na kikombe kitupu. Mama Prisila, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia, alikuwa na kata mkononi tayari.

"Mwonjaji, karibu. Tumekukosa. Pole na mguu."

"Nimeshapoa, mama."

Akachota, akamnyooshea. Niliona povu likitelemka ubavuni mwa kata, likadondoka kwenye vumbi. Mzee Venansi hakunyoosha mkono. Wala hakurudi nyuma. Mmoja kwenye vigoda akasema, "Mzee, unaiogopa kata au unamwogopa shehe?" Wakacheka wote. Mimi nilitazama miguu yangu. Moyoni nilisoma dua niliyofundishwa na baba ya kuomba mambo mazito yawe mepesi.

Mzee akavua kofia, akanipa niishike. Akaenda mpaka kwenye pipa, akapiga goti polepole kwa mguu ule uliopona, akaliwekea sikio ubavuni, chini kidogo ya ukingo.

"Nyamazeni," akasema.

Wakanyamaza. Hata kuku walionekana kama wamenyamaza. Nami nilisimama karibu nikasikia kitu, Mungu ni shahidi, kama mvua ya mbali juu ya majani ya mpunga.

Akainuka, akajifuta vumbi gotini.

"Kesho," akasema. "Bado inalia."

Hakuna aliyecheka. Mama Prisila alitazama kata, akamtazama mzee, akatazama wateja wake na siku yake iliyokuwa inapotea. Angeweza kusema, kuna mwonjaji asiyeonja? Ilikuwa haki yake, na maisha ya mtu mzima yalikuwa yananing'inia kwenye mdomo wake. Akainua ile kata, akaonja mwenyewe, akakunja uso. Akaimwaga yote kando ya pipa.

"Hamjasikia?" akawafokea. "Kesho! Mnasubiri nini, niwapikie na chai?"

Wakainuka mmoja mmoja wakilalamika, wakibeba vigoda vyao. Mzee Venansi alichukua kofia yake mikononi mwangu, akaivaa, akaniambia twende, kwa mke wa Kosmas wanasubiri. Tukapita nyumba zote nne. Mpaka naandika haya anachonga mitumbwi, na kila asubuhi anapiga goti kwenye mapipa ya watu.

Msomaji wangu, uwe Mwislamu, uwe Mkristo, Mwenyezi Mungu akupe sikio linalongoja neno la pili baada ya lile la kwanza. Aitulize mikono inayotetemeka katika nyumba yako, aifunike aibu ya anayejitahidi kuacha, na amlipe kheri kila anayeketi kando ya kitanda cha mwenzake. Amina.